Baiskeli juu ya paa, kutoka Goba mpaka Lushoto

Kila nikiweka picha za msitu wa Magamba au za kule Irente, hakuna anayeniuliza habari za mlima. Wanauliza baiskeli zilifikaje. Wakishaambiwa zilipanda juu ya paa la gari kutoka Dar, swali linalofuata halibadiliki: "Na hazianguki?"

Huanguka. Zangu bado, lakini za wenzangu nimeshaziona zikiwa katikati ya lami, na nitasimulia huko mbele. Ninachotaka kukitanguliza ni kwamba chanzo cha kuanguka mara nyingi hakiko pale watu wanapopahangaikia. Mtu atatumia nusu saa nzima kuzungusha kamba kwenye fremu, kwenye kiti, kwenye usukani, avute mpaka jasho limtoke, atikise baiskeli, aridhike. Keria ya gari hajaigusa. Baiskeli imeshikwa na keria, sawa. Keria nayo imeshikwa na nini? Ukimuuliza atakwambia ilikuja na gari.

Mimi nimekulia Mombo, pale barabara ya Lushoto inapoachana na ile ya Moshi. Mama alikuwa akiuza chai na maandazi stendi, nasi watoto tulishinda pale tukitazama mabasi yakipakia kwenda mlimani. Enzi hizo mzigo wote ulikwenda juu: magunia, matenga, magodoro, kuku, na baiskeli. Mautingo walikuwa na utaratibu wao. Baiskeli ilipandishwa mwisho, ikalazwa ubavu juu ya mzigo laini, pedeli ya chini ikageuzwa isije ikatoboa gunia la mtu, usukani ukalegezwa na kupindwa ukae sambamba na fremu. Kamba zilikuwa za katani, maana mashamba ya mkonge yalikuwa yametuzunguka, na juu ya kamba walikazia mipira iliyokatwa kwenye tyubu za malori. Kamba ya katani ikinyeshewa hunywa maji, ikavimba na kujikaza yenyewe. Jua likiikausha inalegea. Kwa hiyo gari likifika Soni utingo alipanda tena juu kukagua, bila kuambiwa na mtu.

Nilichobeba kutoka kwao ni mambo mawili: mzigo hukaguliwa njiani, na kila kinachoweza kugeuka kitageuka, bora ukigeuze mwenyewe kabla ya kuondoka. Ule mtindo wa kulaza ubavu sikuubeba. Basi lilikuwa na keria pana yenye ukingo pande zote, na magunia ya kuegemea. Gari dogo halina hayo. Juu ya gari dogo baiskeli husimama wima, na ikishasimama wima inakuwa kitu kirefu kilichoshikiliwa chini, upepo unakisukuma juu. Nguvu yote inakuja kuishia kwenye miguu ya keria.

Tuanze basi na hiyo keria. Magari mengi tunayoendesha huku yalitoka Japani yakiwa yameshatumika, na juu utakuta hali moja kati ya tatu. Yale ya zamani, Land Cruiser za sanduku, Hiace za zamani, Peugeot 504 kama bado unayo, yana mfereji wa maji ya mvua kwenye ukingo wa paa; keria hung'ata pale, na kama mfereji haujaliwa na kutu, hakuna mahali pazuri zaidi. RAV4 yangu ina reli mbili za urefu, kulia na kushoto. Halafu kuna Toyota IST na ndugu zake, paa tupu, ambako miguu ya keria hukalia bati na kucha zake huingia kwenye ukingo wa mlango. Reli si keria bado. Zinasubiri vyuma viwili vya kukatiza paa, na hivyo ndivyo vinavyobeba. Nimeona mtu kafunga baiskeli kwenye reli moja kwa moja, imelala juu ya bati, kila tuta pedeli inachora paa, na yeye ndani anasikiliza muziki.

Kuna jambo la uzito ambalo watu hawapendi kulisikia. Kila gari lina kiwango cha mzigo ambao paa lake linaruhusiwa kubeba likiwa kwenye mwendo. Kiko kwenye kitabu cha gari. Chako kikiwa cha Kijapani, kipige picha, simu itakutafsiria. Kwa magari madogo na ya kati mara nyingi utakuta kati ya kilo 50 na 75. Na ndani ya hizo kilo keria yenyewe inahesabiwa.

Nilipokwenda Gerezani, mtaa wa mafundi pale Dar, kuulizia keria, fundi mmoja alinionyesha keria ya bomba za mraba aliyoichomelea mwenyewe, imepigwa rangi nyeusi, imependeza kwelikweli. "Bosi, hii hata tembo anakaa." Nikamwomba tuipime. Tukaibeba mpaka kwenye mizani ya wanunuzi wa vyuma chakavu pale jirani: kilo 31. Nikamwambia, kaka, tembo atakaa, lakini chini yake kuna paa la Mjapani. Hesabu yangu ilikuwa hivi. Nina baiskeli mbili za mlimani, kilo 14 kila moja. Shemeji yangu ana Phoenix ya marehemu baba yake, ile ndefu ya gurudumu la inchi 28, na hiyo ilipima kilo 21. Jumla 49. Ukiongeza chuma cha fundi unafika 80, na paa langu linaruhusu 75. Nikanunua vyuma viwili vya alumini, kilo 6 vyote kwa pamoja, na trei tatu za baiskeli zisizozidi kilo 4 na kitu kila moja. Nikabaki na nafasi. Fundi hakununa, tena alinisaidia kukata mipira ya kuwekea chini ya miguu, nikamlipa kazi hiyo.

Trei zenyewe ni za aina mbili tatu. Kuna zinazotaka uvue gurudumu la mbele, halafu ile miguu miwili iliyokuwa imeshika gurudumu unaibana kwenye trei. Baiskeli inakaa chini kidogo, imetulia, haiyumbi. Ubaya wake ni kwamba ekseli siku hizi haziko sawa: baiskeli moja ina ile nyembamba ya wenzo wa kufungua kwa mkono, nyingine ina ekseli nene ya milimita 15 inayopita katikati, na trei ya hii haiikubali ile bila kipande cha ziada. Aina ya pili huacha magurudumu yote mahali pake na kushika fremu kwa mkono wenye taya. Ndiyo ninayotumia, kwa sababu ya mchanganyiko wa baiskeli zetu. Hizi nazo zina mipaka ya uzito. Thule, wale wa Sweden, trei yao ya ProRide 598 imeandikwa kilo 20, na FreeRide 532 imeandikwa 17. Kwa hiyo Phoenix yenye kilo 21 haikuwa halali popote. Tukaivua keria yake ya nyuma, dinamo, kengele na lile kufuli la chuma, ikashuka hadi 19. Shemeji aliona kama tunamvua nguo mzee wa watu, lakini alikubali.

Ya tatu hushika magurudumu tu, haigusi fremu kabisa. Hiyo ndiyo ya mwenye fremu ya kaboni. Kaboni haipendi kubanwa na taya. Ina nguvu pale ilipokusudiwa kubeba, ukiiminya ubavuni inapasuka kwa ndani na hutaona kitu kwa nje. Rafiki yetu mmoja huwa anazungushia kanga kuukuu ndipo abane. Kanga inazuia mikwaruzo. Taya zinaminya vilevile.

Sasa ile niliyoahidi. Ilikuwa kabla ya kufika Mkata, mchana, jua kali. Tulikuta gari limeegeshwa pembeni limewasha taa za hatari, familia imesimama kwenye majani, na katikati ya barabara iko keria imelala na baiskeli mbili juu yake. Lori lililokuwa nyuma yao liliwahi kufunga breki, dereva wake ameshuka anazuia magari kwa tawi la mti. Hakuna aliyeumia. Tukasaidiana kuitoa barabarani, na nilipoinama kushika nikaona kitu ambacho sijakisahau: baiskeli hazikuwa zimelegea hata kidogo. Kamba zilikuwa ngumu, mafundo mazuri, mipira imekazwa. Yule mzee mwenye gari alikuwa akirudia, "Lakini nilizifunga, jamani. Nilizifunga." Na kweli alizifunga. Kilichotoka ni miguu ya keria. Ilikuwa minne, mmoja ulikuwa na nati yake, mitatu haikuwa nazo, na mpira wa chini ulikuwa umelika mpaka chuma kinagusa chuma.

Nati hizo zilitoka zenyewe, na nadhani ninajua mahali zilipotokea. Ukikaribia vijiji vya njia ile kuna rasta, vile vituta vidogo vidogo vilivyopangwa mfululizo kabla ya tuta kubwa. Tuta kubwa kila mtu analiheshimu. Rasta watu huzipita na mwendo, gari linatetemeka trrrr, basi. Huo mtetemo ndio unaofungua nati. Tangu siku ile nimekuwa na tabia ya kumwibia mke wangu rangi ya kucha. Nikishakaza kila nati ya keria, napiga mstari mmoja unaopita juu ya nati na kushuka kwenye bolti. Mstari ukiwa umenyooka, nati haijasogea. Ukiukuta umekatika na kuachana, hata nywele moja, unatoa spana. Ukaguzi wa miguu minne unachukua muda wa mtu kununua maji. Nati zenyewe nilibadilisha nikaweka zile zenye pete ya nailoni ndani, hazilegei kirahisi, na ni za bei ya karanga.

Na kuna mkanda wa akiba. Huu nausisitiza hata kwa mwenye trei za gharama. Kila baiskeli yangu ina mkanda mmoja unaopita kwenye fremu, chini karibu na pedeli, ukaenda kujifunga kwenye reli ya gari. Usifungwe kwenye keria. Kazi yake siku zote ni kukaa tu. Lakini keria ikisaliti amri, baiskeli zitabaki na gari. Mwenye IST hana reli. Yeye apitishe mkanda juu ya keria na kuuingiza ndani kupitia milango ya nyuma, ujifunge darini mwa gari, milango ifungwe juu yake. Abiria watalalamika kwa sababu ya upepo unaopiga filimbi pale mlangoni. Walalamike.

Tukiwa kwenye mikanda: mimi natumia ile bapa ya kubana kwa chuma chenye meno. Mkanda mrefu ukiuacha umetandazika, kwenye mwendo unatetemeka na kunguruma mpaka unadhani beringi ya tairi imekufa. Upige msokoto mmoja kati ya ncha na ncha, unanyamaza. Usiukaze kwa nguvu zako zote, kwani ule mtambo mdogo una uwezo wa kupinda rimu. Usiupitishe juu ya waya wa breki wala bomba la mafuta ya breki. Mipira ya tyubu naipenda kwa kazi moja, kuzuia magurudumu yasizunguke na usukani usigeuke. Kazi ya kushikilia baiskeli isianguke siipi, maana mpira hunyumbulika. Kinachonyumbulika kinaruhusu baiskeli icheze, na ikianza kucheza kila kilichokazwa kinaanza kufunguka. Kamba ya kawaida ya manila inafaa kama mikono yako inajua kufunga: fanya kitanzi katikati ya kamba, ncha ipite chini ya chuma cha keria, irudi juu ipite ndani ya kitanzi, halafu uvute kwenda chini. Utajishangaa kwa nguvu unayoipata. Madereva wa Fuso wanalifunga fundo hilo huku wakizungumza na simu.

Breki za diski zinahitaji neno. Ukivua gurudumu na mtoto akaminya breki kwa mchezo, pedi zinakutana, na gurudumu halirudi tena bila ugomvi. Kunja kadibodi ngumu uichomeke pale katikati ya pedi. Kila kisichokuwa sehemu ya baiskeli kivuliwe: chupa, pampu, taa, mfuko wa chini ya kiti, kikapu, kiti cha mtoto. Kiti cha mtoto hasa kinakamata upepo vibaya sana.

Huo upepo ndio unaoamua mwendo. Nguvu yake haiongezeki sawasawa na kasi. Kutoka kilomita 80 kwa saa kwenda 100 umeongeza robo tu ya mwendo, lakini msukumo wa upepo kwenye zile baiskeli umepanda kwa zaidi ya nusu. Weka na upepo wa mbele, au basi la mikoani linalokuja upande wa pili, na ule mpigo wake mnapopishana. Kwa hiyo mimi na 80, basi. Vijijini kuna vibao vya 50 na trafiki wenye tochi za kupima mwendo, hivyo hata ukikimbia katikati hutafika mapema kiasi cha kujivunia.

Njia yetu tunatoka Goba kupitia Madale tunaibukia Tegeta, tunashika barabara ya Bagamoyo. Sheli ya kwanza baada ya Bunju nasimama, hata tangi likiwa limejaa. Huo ndio ukaguzi muhimu kuliko mingine yote, kwa sababu kilometa za mwanzo ndizo zinazokalisha vitu: mipira ya miguu inabonyea, mikanda inapata nafasi yake, na kila mahali panapata ulegevu kidogo ambao nyumbani haukuwepo. Bagamoyo hadi Msata ni kilometa 64, na tunaipenda kwa kuwa inatuepusha na malori ya Kibaha na Chalinze. Ila ukivuka Ruvu kuna uwanda mtupu, upepo unakuja ubavuni bila kizuizi. Pale huwa nashusha mpaka 70 na shemeji anatoa kichwa dirishani kutazama juu. Akisema "zimetulia, shemeji" tunaendelea. Baada ya Msata ni Wami, Mkata, Segera. Segera tunakula, na tunaegesha mahali ambapo gari linaonekana kutoka mezani. Baiskeli iliyofungwa vizuri kwa upepo haijafungwa kwa mwizi. Nina waya wenye kufuli unaopita kwenye fremu zote tatu, lakini waya ule humchelewesha mtu tu. Usiku hazilali juu, ziwe zimefungwa na nini.

Korogwe hadi Mombo ni mkonge kulia na kushoto, barabara imenyooka. Raha yake inaishia Mombo. Pale naaga lami ya kunyooka na kukagua upya kila kitu, kwa sababu barabara ya kupanda Lushoto haifanani na uliyotoka nayo. Ni kama kilometa 33 za kona juu ya kona, ukuta wa mlima upande mmoja na shimo upande wa pili. Mpaka hapo baiskeli zilikuwa zinasukumwa nyuma na upepo. Sasa zinavutwa kulia, kushoto, kulia. Fremu zinataka kulala ubavu. Kwa sababu hiyo Phoenix, iliyo nzito, haikai pembeni kabisa. Inakaa katikati, na zile nyepesi mbili zinailinda. Ya katikati inaangalia nyuma na za pembeni zinaangalia mbele, hivyo usukani haugongani na usukani. Tukiwa na baiskeli moja tu, inakaa kushoto. Huku tunaendesha kushoto, kwa hiyo ukisimama njiani kukaza kitu unafanya kazi ukiwa upande wa majani; malori yanapita upande wa pili.

Tena kwenye mlima ule kuna matawi. Hapo nifungue suala la urefu, ambalo kwa maoni yangu limeharibu baiskeli nyingi kuliko kamba mbovu. Gari langu likiwa tupu lina mita 1.7. Weka keria, weka trei, weka baiskeli iliyosimama, unafika karibu 2.9. Barabara kuu haina shida na hilo. Shida iko mwisho wa safari, dereva amechoka, akili imeshafika nyumbani kabla ya gari. Maegesho ya chini ya majengo mjini mengi yana kile chuma kinachoning'inia kimeandikwa 2.1. Mageti ya huku kwetu Goba watu wamejengea vipaa vya vigae juu yake. Kwenye vichochoro waya za umeme zinaingia nyumbani zimelegea. Mabanda ya kuoshea magari. Geti la nyumba ya wageni Lushoto lililofunikwa na maua ya bogonvilia, ukatazama ukadhani ni majani tu, kumbe ndani kuna bomba la chuma. Na dereva kule ndani haoni chochote juu yake. Paa linamficha kila kitu.

Dawa yangu ni kipande cha karatasi ya gundi kwenye usukani wa gari, pale kidole gumba kinapokaa, kimeandikwa 2.9 kwa kalamu nyekundu. Nakibandika wakati baiskeli zinapanda na nakibandua zikishashuka, si kabla. Kuna anayetundika kofia ya baiskeli kwenye kioo cha katikati. Hiyo inaziba kuona. Wengine hutoa rimoti ya geti na kuiweka ndani ya begi buti, ili wakifika nyumbani walazimike kushuka kwanza. Huo ni ujanja mzuri, nao nimeuiga. Tukifika mahali pageni, shemeji anashuka anatangulia kwa miguu akitazama juu. Watu wanadhani tunabeba maiti ya mtu mkubwa.

Kupandisha si kazi ya mtu mmoja, hasa ile Phoenix. Mmoja anashika fremu chini, mwingine juu, baiskeli inapanda ikiwa imesimama, na mwenye kushika haachii mpaka mkono wa trei uwe umebana na mikanda miwili ya magurudumu imefungwa. Mimi si mrefu. Nasimama juu ya ndoo ya lita 20 iliyofunikwa; ukingo wa mlango wa gari ni mwembamba na unateleza, nilishaacha kuukanyaga. Magari marefu zaidi ya langu nisingejaribu. Baiskeli za umeme pia, zile zinazoanza kuonekana mjini, kilo 25 na zaidi, hizo si za paa. Ziende nyuma au ndani.

Mvua ikikukuta njiani, usiifunike baiskeli kwa turubai wala mfuko mkubwa. Ukifanya hivyo umeipandishia tanga. Mfuko mdogo wa plastiki uliokazwa kwenye kiti unatosha. Lakini ujue kwamba mvua ya kilometa 80 kwa saa inapenya kusiko kawaida, kwenye beringi, ndani ya cheni, kwenye shingo ya usukani. Tukifika tunafuta na kutia oili cheni jioni ileile, kabla hata ya kuoga, maana asubuhi ya Lushoto ni ya ukungu na kutu haingoji.

Tukirudi Dar navua kila kitu, trei na vyuma. Kuna watu wanaacha keria juu mwaka mzima ili waonekane ni wa safari. Keria tupu inapiga kelele, inakula mafuta, na jua la Dar linaila mipira ya miguu bila wewe kujua. Ukiifunga upya kila safari, kila safari unazishika nati kwa mkono wako.

Nikiulizwa kama napendekeza paa kuliko njia nyingine, jibu langu huwashangaza watu: hapana. Baiskeli ikiingia ndani ya gari, iweke ndani. Noah ukikunja viti vya nyuma, ukavua magurudumu ya mbele, unaingiza tatu na blanketi katikati yao, unapita chini ya geti lolote, na mvua haikuhusu. Paa ni la sisi ambao ndani kuna watoto, mabegi, na friji dogo la mama mkwe. Shemeji keshaanza kutafuta Noah yake. Akiipata nitauza trei mbili, na kama unaishi Dar na unazitaka, sema mapema, kwani fundi wa Gerezani keshaziulizia.